Mti Ambao Mama Aliuita Kuni

Jumapili, Machi

Bado nina hasira kidogo, ingawa naandika nikitabasamu.

Asubuhi nilirudi kutoka zamu ya usiku, nikalala. Nilipoamka, Mama hakuwemo ndani. Nilimwona kupitia dirishani, nyuma ya nyumba, amesimama kwenye theluji inayoyeyuka, kavaa koti langu na soksi ndani ya kandambili. Kandambili!

Tangu Baba afariki nikamleta Mama hapa Richfield, huku ughaibuni, amekuwa akitoka kwenda kanisani tu. Kila jioni ombi lake ni lile lile, nimkatie tiketi arudi Meru. Wiki iliyopita nilikubali. Sijui kama nilikubali kwa kumhurumia au kwa kuchoka.

Nilitoka mbio. “Mama, utaugua! Unafanya nini huku?”

Alikuwa ameshika tawi la mti wangu mdogo wa tufaha, ule ambao majira yote ya baridi ameuita kuni, akilikwaruza kwa ukucha.

“Njoo uone,” akasema.

Chini ya gome palikuwa na rangi ya kijani, mbichi kabisa.

“Kumbe u hai. Maua hutoa lini?”

“Mwezi wa tano, Mama.”

Aliupapasa ule mti kama anavyopapasa ndama kule nyumbani.

“Basi tiketi ingoje kwanza. Nataka kuyaona.”

Nilimshika mkono tukarudi ndani polepole, kwa sababu ya barafu. Sikumwambia kwamba Jumatano theluji inarudi.