Herufi Zenye Kivuli

Bujumbura, 9 Mei 1995

Baba Houda,

Salamu zikufikie huko Kigoma. Mtoto ameota meno mawili.

Khaled, yule mwenye duka mtaa wa Asiatique, alitaka kibao kipya cha duka, tena kwa mkono wako tu. Basi nikachukua brashi zako. Nikachora zile herufi zako nene, zenye miguu na kivuli, kama za afishi, yale mabango ya sinema ya zamani. Kivuli kilinitesa siku nne. Sasa najua kwa nini ulikuwa unaringa nacho.

Kibao kilipotundikwa, mama yako akaja mbio na sahani ya samaki wa mukeke, imefunikwa vizuri.

"Mutoto wangu iko wapi? Nimeona maandishi yake!"

Mi nikamwonyesha rangi kwenye vidole vyangu. Akakaa chini. Tukala, na kichwa cha samaki, unachokipenda, hakuna aliyekigusa.

Lakini nikawaza: kama mama mzazi amedanganyika, na wale waliokuja na bunduki kukuulizia watadanganyika. Wakiamini upo mjini, hawatavuka ziwa kukufuata huko. Nimeshakubali vibao vingine vitatu.

Wakutafute hapa. We usirudi.

Mkeo, mwenye mkono wako,
Assia