Mkono wa Skola na Swichi Zangu

Lipangalala, Ifakara
Novemba 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Najua baridi ya huko Tukuyu hulichokoza, wakati mimi huku nalala bila shuka kwa joto. Bibi anakula? Na yule ndama aliyekuwa anaharisha amepona? Mimi mzima wa mwili. Malaria ilinishika mwezi uliopita, nikameza vidonge, ikaniachia. Habari za roho ndizo mbaya, na ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Barua yako imenifika, imeletwa na yule kijana wa kwa jirani anayefanya kazi kwenye treni. Unasema watu wa upande wa mchumba wa mdogo wangu Tupo wanaleta ng'ombe wa mahari Jumamosi ya kwanza ya Desemba, na kwamba mimi kifungua mimba wako ndiye wa kusimama mahali pa marehemu baba kuwapokea. Baba mdogo akisimama yeye, unasema, atahutubia mpaka ng'ombe wenyewe walale. Nilicheka peke yangu. Halafu nikaangalia kalenda, kicheko kikaniishia mdomoni. Jumamosi hiyo iko ndani ya wiki ileile ya kazi iliyonifunga huku. Ngoja nikueleze, maana ni mkasa.

Huku Mlabani kuna rubani mstaafu, kila mtu anamwita Kapteni. Miaka yote alikuwa akirusha vindege vidogo kwenda Mahenge na Malinyi, akipeleka wagonjwa na mapadre. Sasa macho yamemfunga, anaona vivuli tu. Binti yake Skola ameitwa Dar es Salaam kwenye mtihani wa chuo cha urubani. Watamkalisha ndani ya ndege, mwalimu pembeni, wamwambie washa hiki, zima kile. Akishindwa, basi, anarudi kulima mpunga na sisi wengine. Kapteni akasema mwanawe hatakwenda huko akiwa hajawahi kushika kitu.

Marubani wenzake wa zamani wakamletea kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege. Unaona uwanja, mawingu, mishale ya vipimo vya ndege, yote kwenye kioo. Shida ni kwamba humo ndani kila jambo linafanywa kwa kubonyeza herufi. Kapteni akakataa. "Ndege haina herufi," alisema. "Nataka swichi." Akaulizia fundi redio, wakamletea mimi. Nami kwa kimbelembele changu nikasema naweza.

Nikachonga ubao, nikaukalisha mezani mbele ya kiti, nikaujaza swichi nilizozing'oa kwenye redio na vikuza sauti vilivyokufa. Waya zote zinaingia kwenye kisanduku kilichotoka Ulaya, nacho ndicho kinachoiambia kompyuta ni herufi gani imebonyezwa. Lakini kisanduku hicho hakijui lolote mpaka ukifundishe swichi moja baada ya nyingine, na kitabu chake ni Kiingereza kilichoandikwa na mtu asiyependa watu. Nikaanza na swichi ya magurudumu. Magurudumu yakashuka, yakapanda, yakashuka, yakapanda, kama kuku anayedonoa. Kumbe swichi ikikaa imewashwa, kisanduku kinaendelea kutuma herufi ileile bila kupumua. Nilihangaika wiki nzima kukielekeza kitume mara moja swichi inapohama, kisha kinyamaze mpaka ihame tena. Siku nilipofaulu, umeme ukakatika, kisanduku kikasahau yote. Nikatoka nje nikakaa barazani, machozi yakanilengalenga, mtu mzima mimi. Nikaanza upya.

Mwishowe kikafanya kazi. Skola akafanya mazoezi mwezi mzima, asubuhi na jioni, baba yake kakaa pembeni anasikiliza. "Pampu ya mafuta." Kach. "Taa za kutua." Kach. "Vizuri, mama." Na mimi nimesimama mlangoni najiona mhandisi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Kapteni akatamani kukaa mwenyewe. Tukamshika mkono, tukamkalisha. Akavuta pumzi, akapeleka kidole kwenye swichi ya kwanza, akasimama hapohapo.

"Nani amewasha pampu?"

"Haijawashwa, Baba," Skola akasema.

"Mbona iko juu?"

"Si ndiyo imezimwa? Juu ni kuzima."

"Juu ni kuzima wapi?"

"Hapa, Baba. Kama za ukutani."

Kapteni akapapasa swichi zote, taratibu, mpaka ya mwisho. Kisha akasema, "Fundi, ndege zote nilizorusha mimi, juu ni kuwasha. Chini ni kuzima." Hakupaza sauti, Mama. Afadhali angenitukana.

Mimi nilizifunga kama zilivyo kwenye kila ukuta wa nchi hii. Nyumbani, dukani, kanisani, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ukitaka kuwasha unabonyeza chini. Ni nani bonde zima hili angefikiri vingine? Skola naye hakushangaa, maana ndivyo alivyozoea tangu utotoni. Baba yake alisikia kach, na kach ya kupanda na ya kushuka ni moja. Kwa hiyo mwezi mzima nimemfundisha binti wa watu kuzima ndege. Akiambiwa awashe pampu wakati wa kuruka, ataikata. Nimejichukia, Mama, nimejichukia kweli.

Kuzigeuza swichi kulinichukua mchana mmoja tu. Mkono wa Skola ndio umetushinda. Ukimwambia washa, kidole kimeshakwenda chini kabla yeye hajafikiri. Tunarudia, tunarudia, jioni anaanza kupata. Halafu anaingia chumbani kwake, anawasha taa kwa kubonyeza chini, na asubuhi mkono umerudi kulekule. Nilipoligundua hilo nikachukua bisibisi, nikageuza swichi zote za nyumba ya Kapteni. Mama Skola alirudi sokoni jioni akaanza kupiga kelele jikoni: "Fundi! Umenipindulia nyumba! Umeme upo na mimi niko gizani!"

"Vumilia, Mama Skola," Kapteni akamjibu. "Uliolewa na rubani."

Tulicheka siku hiyo. Jana hatukucheka. Skola alikosea pampu tena na tena, akainamisha kichwa juu ya ubao akalia. "Kaka Amba, si wewe uliyenifundisha hivi?" Akaniomba radhi palepale, lakini alisema kweli, na kweli hiyo nimelala nayo.

Nilimwambia Kapteni habari za Tupo. Akasema, "Nenda kwenu, Fundi. Dada haolewi kila mwaka." Ni mtu muungwana. Lakini yeye hauoni mkono wa mwanawe. Mama Skola yuko sokoni kutwa. Na umeme wa huku unakatika ovyo, na ukikatika kisanduku kinasahau kila kitu, na hapa hakuna mwingine wa kukifundisha. Mtihani ni Jumatatu, mara tu baada ya ng'ombe kufika kwenu. Nikipanda treni, nitawaacha wanacheza bahati nasibu, na kosa ni langu.

Nimekasirika na kisanduku, nimekasirika na umeme, nimekasirika na aliyeamua kwamba ndege na nyumba zisifanane. Nimezunguka chumbani humu nikitafuta njia ya kuwa sehemu mbili, sikuiona. Sitakuja, Mama. Nimeliandika neno hilo haraka nisije nikalifuta. Tupo akinuna, mwacheni anune, ana haki. Mwambieni asidhani nimempenda mtoto wa watu kuliko yeye. Yeye ana ninyi wote wa kumshika. Huyu wa huku, siku atakapokalia ndege, atakuwa na mkono wake tu, na mkono huo niliuharibu mimi.

Nisalimie Bibi, umwambie dawa ya macho aliyoniagiza nimeipata. Shangazi Sekela mpe pole ya msiba wa shemeji yake. Msalimie mwalimu wangu wa kwaya, na fundi cherehani anayeshona gauni la Tupo, asilibane kwapani. Baba mdogo naye mpe heshima zangu. Apokee ng'ombe yeye, ahutubie anavyotaka, wageni watazoea.

Ila siku Tupo atakapotoka kwenda kwa mumewe, baba mdogo asimbariki kwa niaba yangu. Umbariki wewe, Mama. Umwekee mkono kichwani, umalize, uuondoe. Kisha uurudishe tena, na umwambie huu wa pili ni wa kaka yake.

Mwanao,
Ambakisye