Akina Kelsall Thelathini na Mmoja

Regent, Freetown
Jumanne, 9 Februari

Kaka Ekundayo mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, wifi yangu Abiola na watoto wote hapo Banjul. Goti lako linasemaje? Wifi alinipigia akasema umeanza kupanda ngazi bila kuguna, nikamshukuru Mungu, ila nilimwambia asikuamini, maana wewe tangu utoto ukiumwa unajifanya huumwi. Mimi ni mzima. Cherehani yangu inafanya kazi, paa halivuji, na yule mbwa wa jirani aliyekula kuku wangu watatu amekufa, apumzike anapostahili. Mwili hauna neno, Kaka. Ila nina hasira. Nina hasira tangu Krismasi, na leo nimeamua nikuandikie yote kwa kalamu, kwa sababu kwenye simu ningelia na wewe ungeniambia nipunguze maneno.

Unajua ukoo uliamua kuadhimisha miaka mia moja na themanini tangu babu yetu wa kwanza ashushwe hapa kutoka kwenye meli ya watumwa. Jambo jema, sina ubaya nalo. Mwenyekiti ni binamu yetu Melville, nani mwingine? Tangu astaafu forodhani hana mtu wa kumkagua, basi anatukagua sisi. Akasema kitachapwa kitabu cha Akina Kelsall Mashuhuri, na majina hayohayo yatachongwa kwenye jiwe la marumaru ukutani mwa kanisa, wajukuu wasome wajue wametoka kwa nani. Kila nyumba ikachanga. Mimi nikashona sare za watu arobaini, zile za kitenge cha buluu, mgongo ukaniuma wiki nzima.

Kitabu kikaja wiki ya Krismasi. Majina thelathini na moja. Nikakaa barazani na miwani yangu kukisoma. Yupo jaji, sawa. Yupo daktari aliyekwenda kusoma ng'ambo akarudi na kofia ndefu, sawa. Yupo mpiga kinanda wa kanisa. Nikafika namba kumi na mbili: askofu wa Uingereza. Mzungu, Kaka! Namba kumi na tisa, mcheza kriketi wa huko huko, aliyekufa kwa kuanguka kutoka kwenye farasi. Namba ishirini na saba, mama mmoja wa Australia, mfugaji maarufu wa kondoo. Melville amewaokota kwenye kompyuta, kwa sababu tu wanaitwa Kelsall. Namba thelathini na moja ni Melville mwenyewe, na picha yake amevaa tai.

Mama hayumo.

Nikakipekua mbele nyuma, nikadhani kurasa zimegandana. Mama yetu, mkunga wa kijiji hiki kwa miaka arobaini na mmoja! Mama aliyekuwa akiamshwa usiku mvua ikinyesha, anachukua mkoba wake bila kuuliza ni mke wa nani. Nusu ya watu waliokaa kwenye kamati hiyo walipokelewa duniani na mikono yake, na Melville mwenyewe alikuja kwa kutanguliza miguu, Mama akahangaika naye siku mbili mpaka akamtoa mzima. Mungu anisamehe, nilipofunga kile kitabu niliwaza kwamba angejua angemwacha huko huko.

Basi Jumapili baada ya ibada nikaenda kwenye kikao chao. Nilikuwa nimejipangia maneno ya adabu, yakaishia mlangoni. Nikawauliza huyo mama wa kondoo amewahi kumzalisha nani hapa Regent. Watu wakacheka, Melville hakucheka. Akavua miwani, akaifuta, akaniambia kwa sauti ile yake ya ofisini nisilete ugomvi, kwamba hakuna anayekataa wema wa marehemu, lakini kitabu ni cha wenye jina. Marehemu, akasema, aliletwa kwa treni kutoka Moyamba akiwa na miaka saba kuja kusaidia kazi za nyumbani. Bibi aliyemlea alimpa jina ili shule impokee, kama unavyompa mtoto gauni. Gauni halimfanyi mtoto kuwa wa tumbo lako.

Nikamjibu, Kaka, wala sikukaa chini. Nikamwambia huyo babu anayemtambia alishuka melini hana hata shati, na jina la Kelsall alipewa na mmisionari, kwa sababu kuna bwana mmoja huko Uingereza alitoa sadaka akataka jina lake apewe mtu mweusi. Yeye naye alivalishwa gauni. Kwa hiyo wote humu ndani ni watoto wa kupewa, tofauti ni tarehe tu. Unajua alinijibu nini? Eti ndiyo, lakini yeye alipewa kwanza. Eti kuna utaratibu. Halafu akaongeza, polepole, huku akirudisha miwani puani, kwamba hata sisi wawili, ambao baba yetu alipanda meli ya mizigo akapotelea huko tukabaki na jina la mama, ukoo umetustahi siku zote na hakuna aliyetuuliza.

Eti umetustahi! Nilitoka pale bila kuaga. Nilikanyaga hata maua ya mke wa mchungaji. Nikaapa sitakwenda kwenye awujo yao, hiyo karamu ya wafu, na maharage yao wale wenyewe.

Lakini nikaenda. Kukosa kuwalisha wafu wako ni jambo lingine, siwezi. Jumamosi iliyopita tukaamka alfajiri, wanawake tukakaanga vitumbua vya akara na ndizi, maharage ya mawese yakachemka kwenye masufuria manne, kisha watu wote tukapanda makaburini na maji baridi na mbegu za kola kuwaita waliolala waje kula. Mimi nikasimama nyuma na ile sare yangu, nimenuna. Melville akashika kitabu chake. Badala ya kuwaita wafu kama wazee walivyokuwa wakiwaita, kutoka kichwani, akawasoma. Akasoma na yule askofu! Amelala kwao Uingereza na theluji juu yake, anaitwa aje kula maharage Regent. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba askofu atahitaji nauli.

Alipomaliza akamimina maji, akatupa vipande vinne vya kola. Vyote vinne vikalala kifudifudi. Akaokota, akatupa tena, kimoja juu, vitatu chini. Mara ya tatu kipande kimoja kikabingirika mpaka nyuma ya kaburi la jaji, ikabidi watu wazima wapige magoti kukitafuta kwenye nyasi, na kilipopatikana nacho kilikuwa kimelala chini. Nawe unajua, visipokuwa viwili juu na viwili chini hakuna mtu anayeruhusiwa kugusa chakula. Melville akaanza kusema ardhi ina mteremko.

Hapo ndipo Mama Eudora, mama yake mzazi, akagonga fimbo chini. Ana miaka tisini na mmoja na haoni vizuri, lakini sauti ipo. Akamwambia mwanawe aache kuisingizia ardhi, waliolala wana masikio na wanajua hesabu ya watu wao. Akauliza nani amerukwa. Watu wakatazama nyasi. Akasema basi atasema yeye: amerukwa yule aliyeingiza mkono akakutoa wewe, Melville, siku mimi mama yako nilikuwa karibu kuaga dunia. Na kama tatizo ni jina la kupewa, basi na yeye Eudora wamfute, kwa sababu alizaliwa kwa watu wengine akapewa la Kelsall siku ya harusi na Mjomba Cornelius. Kisha akanigeukia mimi, akaniambia nipite mbele nimwite mama yangu.

Nikapita. Nikaita Rosaline Kelsall mara tatu, nikamimina maji. Mama Eudora akashika vipande, akavitupa. Viwili juu, viwili chini.

Watu walipiga kelele za furaha mpaka ndege wakaruka. Melville akafuta jasho, akatangaza mbele ya wote kwamba jina la Mama litachongwa kwenye jiwe na kitabu kitachapwa upya. Alipouliza nafasi itatoka wapi, maana jiwe limekwisha kupimwa kwa majina thelathini na moja, mama yake akamwambia amtoe yule wa kondoo, hatasikia. Wakaja kunishika mkono mmoja mmoja. Wakaniambia nimempigania mama yangu, nina moyo wa simba, hata mke wa Melville akanikumbatia. Mimi sahani yangu ya maharage nikampa mtoto aliyekuwa karibu, sikuonja.

Sasa Kaka, nisome taratibu, na usimwite wifi kwanza.

Unakumbuka wiki Mama alipokuwa anatuaga, ulikuwa bado unahangaika na tiketi huko Banjul. Jumatano ya wiki hiyo, mchana, mwanamke mmoja alipanda barazani kwetu. Mtu mzima, anakaribia themanini. Ndala zake alizishika mkononi kwa sababu ya tope, na kichwani alikuwa na ndoo ya mchele wa nyumbani na juu yake galoni ya mawese. Krio alichozungumza kilikuwa cha kuungaunga. Akasema anaitwa Yema Gbondo, ametoka Moyamba, anamtafuta dada yake mkubwa aliyechukuliwa kwa treni, amesikia anaumwa. Akasema dada yake anaitwa Jebbeh.

Mimi jina hilo nilikuwa nalijua. Mama aliniambia nikiwa na miaka tisa, ananisuka, akasema ni lake na langu tu, nisilitoe nje. Wewe hakukuambia, nami sikukuambia. Na hata kama ningekuwa silijui, uso wa Mama ulikuwa mbele yangu. Mwanya uleule. Masikio yaleyale. Siwezi kusema nilikosea.

Lakini sebuleni walikuwa wamekaa mke wa Melville na akina mama wa kanisa, wamekuja kumwombea mgonjwa, vikombe vya chai mkononi, na mlango ulikuwa wazi. Nikawaona wananyoosha shingo. Kaka, niliona aibu. Niliona aibu ya ile ndoo, ya yale matope, ya ile lugha. Nikamwambia hapa hakuna Jebbeh, hapa ni nyumbani kwa akina Kelsall, amepotea njia. Alinitazama usoni. Akateremsha ile ndoo na galoni kwenye ngazi, akasema basi viwe vya mgonjwa, awe nani, akashuka.

Nilipoingia chumbani Mama alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto. Siku nne alikuwa hajainua kichwa. Akaniuliza ni nani huyo anayesema kama kwetu. Nikamwambia muuza mawese. Akasema nimuulize ametoka wapi. Nikamwambia amekwisha kwenda, Mama, lala. Akageukia ukutani. Hakuniuliza kitu tena, na Jumapili akafa.

Ule mchele ndio tuliopika msibani. Wewe mwenyewe uliongeza sahani ya pili, ukasema hujala mchele mtamu hivyo tangu uhame.

Sasa umejua hasira yangu inatoka wapi. Melville ni mpumbavu, na nitamwambia hivyo tena akinipa nafasi. Lakini Melville alimfuta Mama kwenye kitabu akiwa amekwisha kufa. Mimi nilimfuta akiwa anasikia. Na Jumamosi, Mama Eudora aliponiweka mbele, nilikuwa na majina mawili mdomoni nikatoa lile la kuwafurahisha watu. Kola ilikubali. Waliolala ni wapole kuliko mimi, au Mama alikuwa amezoea.

Nimekwenda kwa mchonga mawe, nimemkataza asiguse mstari wa Mama mpaka nirudi. Nataka pasomeke Jebbeh Gbondo, halafu ndipo lifuate la Kelsall, na Melville akitaka kuvunja kanisa avunje. Lakini ruhusa ya jina hilo si yangu, wala yako. Kesho nakwenda Moyamba. Nimeulizia, Yema yu hai, anakaa nyuma ya stesheni ya zamani. Akinifukuza nitakaa nje. Akiniuliza mimi ni nani, sitamwambia jina lolote kati ya haya. Sasa ni zamu yangu: nitamwambia mimi ndiye muuza mawese.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mwambie Modupe gauni lake la kipaimara limekwisha, limebaki pindo. Linda hilo goti. Ukitaka kuninunia, ninunie, lakini jibu.

Ni mimi mdogo wako,
Iyamide