Yule Aliyesubiri Simu ya Iringa

Dada yangu Tumpe,

Tangu asubuhi nina hofu, na wa kumwambia sina ila wewe, ambaye huwezi tena kunijibu. Ungecheka. Mdogo wako uzeeni amejifunza kuandika programu za kompyuta, na kesho programu yake inaanza tena kazi kwenye zahanati moja huku Iringa.

Nasema "inaanza tena" kwa sababu wiki iliyopita niliaibika. Nesi alibofya kitufe cha kupanga mafaili yote ya wagonjwa, programu ikaanza kazi yake ya dakika ishirini, na dirisha pale kwenye skrini likaganda. Akabofya, kimya. Akabofya tena, kimya. Akadhani mashine imekufa, akazima umeme, na ilikuwa imebakiza kidogo tu. Nusu ya tarehe za chanjo za watoto zimepotea. Nesi hana kosa. Kosa ni langu.

Ndipo nikakukumbuka. Miaka ile ya sabini, mimi na wewe bega kwa bega mbele ya ubao wa simu pale Mbeya, plagi mkononi, tukiunganisha simu za watu, baridi mpaka vidole vinagoma. Simu ya Iringa iliweza kutafutwa saa nzima. Wewe ukiitafuta, kila baada ya muda uliwarudia waliokuwa wakisubiri vibandani, mmoja mmoja. "Nipo, baba. Tumefika Makambako." Kisha, "Nipo bado. Sasa tuko Mafinga." Na watu walisubiri. Mimi niliona unapoteza muda, nikakuambia hivyo. Ukanijibu bila hata kugeuka, "Mtu asiposikia sauti anajua umeshaondoka, mdogo wangu."

Halafu akaja yule mfugaji wa Usangu. "Mke wangu anapasuliwa leo Iringa," aliniambia, "nataka anisikie kabla hajaingia." Nikaitafuta laini kwa masikio yote mawili, na nusu saa nzima sikumwambia neno. Akaweka simu chini, akaenda kutafuta lori la kumfikisha Iringa. Punde tu laini ikafunguka, ikaja sauti ya mkewe, dhaifu: "Baba Masanja, upo?" Kibanda kilikuwa kitupu.

Wewe ndiye uliyemjibu. Kwanza ulifunika kipaza sauti kwa kiganja, ukaniuliza kama nilimwambia yule baba asubiri. Nikasema ndiyo, nilimwambia mara tatu. Basi ukamwambia mama wa watu, kwa upole wako, kwamba mumewe aliambiwa asubiri lakini ameondoka. Akasema, "Haya." Laini ikakatika.

Nilikudanganya, dada. Sikumwambia chochote. Niliogopa utaniona sifai, na uoga ule ninao mpaka leo. Sikupata kujua kama yule mama alitoka salama chumba cha upasuaji. Najua tu aliingia akiamini mumewe alishindwa kumsubiri.

Wiki hii nimeikata ile kazi ndefu vipande vidogo. Kila kipande kikiisha, programu inainua kichwa kuangalia kama kuna aliyebofya, inamjibu, inamwonyesha imefikia jina la mgonjwa gani, kisha inarudi kazini. Inachelewa kumaliza kuliko zamani, na sijali. Nimeijaribu hapa nyumbani Mlandege mpaka macho yanauma, na bado naogopa. Kesho nitakaa benchi moja na akina mama wanaosubiri chanjo, nikiutazama mkono wa nesi usiende kwenye swichi. Dirisha likiganda tena, manesi watarudi kwenye madaftari yao, na watoto waliopotezewa tarehe wataongezeka.

Pumzika, Tumpe. Na kama yule mama ameshafika huko uliko, naomba umtafute. Mwambie mumewe alisubiri nusu saa nzima, na aliyenyamaza ni mimi.

Mdogo wako wa ubao wa simu