Mkuu wa Kufunga Milango

14 Januari

Umechaguliwa Mkuu wa Kanda! Kanda nzima, masista wote chini yako, na mimi niliyekuzaa nasikia kwa katekista njiani, nimebeba ndoo kichwani! Nusura niimwage.

Haya, sasa salamu. Sista mwanangu, hujambo? Kifua kimepona? Sisi huku wazima, ila goti langu linalia kila nikiinuka, na baba yako mdogo bado anakohoa na bado anabisha kwamba hakohoi.

Nimeshawaambia watu. Usinikasirikie, mdomo ni wangu na mtoto ni wangu. Yule jirani yangu fundi cherehani, anayejigamba kila siku kwamba mwanawe ni karani wa benki, nilimwambia, "Mwenzangu, karani ana mkubwa wake. Wangu ndiye mkubwa." Alikanyaga cherehani mpaka uzi ukamkatikia.

Nataka mambo mawili tu. Kwanza nitajie siku ya kusimikwa, maana kwaya ya akina mama inataka kuja, na mimi siwezi kukaa nyuma kama mpita njia. Pili, niandikie habari za hiyo kanda yako tangu ilipoanza, nipate cha kusema. Wananiuliza ni kubwa kiasi gani, nami nawajibu, "Kubwa!" Basi, naishia hapo.

Kula vizuri. Mkuu hakondi.

Mama yako, mama wa Mkuu


20 Februari

Mama mpenzi, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Mimi sijambo, kifua kimetulia, uchovu tu ndio haujapata dawa. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza nikaiacha, nikaianza tena nikaiacha.

Umeuliza habari za kanda. Ilianza na masista watatu waliokuja na sanduku la dawa na mbuzi mmoja wa maziwa. Waliezeka chumba, asubuhi kikawa shule, mchana zahanati, usiku wakalala humo humo. Wasichana wa hapa wakaanza kujiunga. Kuna wakati tulikuwa na nyumba saba, na manovisi, wasichana walioanza malezi ya utawa, walilala wawili wawili kwa kukosa vitanda. Baadaye serikali ikachukua shule, hospitali ikapata madaktari wake, na wasichana wakaona njia nyingine za kuishi. Simlaumu mtu. Nyumba zikafungwa moja moja. Mimi ndiye wa mwisho kuweka nadhiri hapa, na tangu siku hiyo hakuna aliyebisha hodi.

Tumebaki tisa. Mama, walinichagua kwa sababu wengine hawawezi kupanda ngazi, na mimi ndiye pekee ninayeendesha gari. Sikuchaguliwa kuongoza. Nimechaguliwa kufunga. Makao makuu yameamua kanda yetu iunganishwe na kanda nyingine ya mbali sana. Wazee watahamia nyumba ya wagonjwa ya huko, nami nitakwenda nao niwahudumie. Kuja kukuona itakuwa kazi.

Kwa hiyo hakuna kusimikwa. Kutakuwa na misa ya kufunga mwezi wa Mei, na nimeomba iwe yetu wenyewe, mlango ufungwe. Sista mzee anayelisha kuku aliniambia, "Tuliingia tukiimbiwa, tusitoke tukitazamwa." Naona kasema kweli. Tafadhali waambie watu wasije. Na wewe, mama, usije. Nitakuja mwenyewe kukuaga.

Mwanao


25 Machi

Mama, shikamoo.

Sijapata jibu lako. Nimemuuliza katekista, anasema u mzima ila huonekani kwenye kwaya.

Leo alikuja mnunuzi wa meza yetu ndefu ya kulia chakula. Ilikataa kupita mlangoni. Kumbe iliundiwa humo humo ndani, enzi za watu wengi, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja itatoka. Seremala akaikata katikati kwa msumeno. Masista walisimama wakitazama. Jioni tukala tumeshika sahani mapajani.

Niandikie, mama, hata mstari mmoja wa kunigombeza.

Mwanao


18 Aprili

Marahaba, Sista mwanangu, tena marahaba mara mbili, maana unanidai mbili. Hujambo? Wazee wako wanaendeleaje? Goti ni lile lile. Baba yako mdogo ameanza kunywa dawa, lakini anasema anainywa kwa kuionja tu.

Nilikasirika, sikufichi. Fundi cherehani alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe mwanao ni mkuu wa kufunga milango!" Nikaacha kwaya, nikajifungia ndani kama kuku anayeatamia.

Halafu ikaja barua yako ya meza. Ile iliniuma kuliko kicheko chake. Nikawaona mmekaa na sahani mapajani kama watu wanaongoja gari lililopita. Nikaisoma tena ile habari ya kanda. Umeandika vizuri, mwanangu, ila umehesabu nyumba na vitanda. Watu umewaweka wapi? Madarasa manne niliyosoma mimi, niliyasomea wapi kama si kwa masista wako? Kalamu hii, nani alinishika mkono nikaiweza?

Basi nikatoka. Nikamkuta fundi kwenye kibaraza chake na wateja wake, nikamuuliza mbele yao, "Mwenzangu, hiyo kazi inayokulisha, ulifundishwa na nani?" Akainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka. Sikumwacha. Nikamwambia, "Waliofungua walikuwa watatu, wakasaidiana. Wa kufunga ni mmoja, na huyo mmoja nimemzaa mimi. Karani wa benki anaweza?" Kesho yake akaja kwangu na vitambaa, anataka kujua sare za kuvaa kwenye misa yenu tutashona rangi gani.

Sasa nisikilize. Siku niliyokutoa kwa Mungu sikulia mbele za watu. Nililia nyuma ya nyumba, na wewe hukujua. Leo unakwenda mbali zaidi, halafu unataka kuja kuniaga kimya kimya kama mtu aliyeiba? Hapana. Fukara akifa hazikwi na mtu mmoja, sembuse nyumba iliyotulea sote? Mzee wako wa kuku mwambie hivi: hatuji kutazama. Walioimbiwa wakiingia, wataimbiwa wakitoka.

Najua umechoka, mwandiko wako unaniambia. Hata mimi nimechoka, mwanangu, na bado nina hasira kidogo, maana kile kiti cha mbele nilikitaka kweli. Lakini siku hiyo hutasimama peke yako.

Mlango usiufunge. Katekista ameshaniulizia: misa ni Jumamosi ya tatu ya Mei, saa nne asubuhi. Kwaya nzima, fundi na wanafunzi wake, na kila mama niliyesoma naye ambaye bado anatembea, Jumamosi hiyo saa tatu tutakuwa hapo.

Mama yako