Nyusi za Mama

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipokea, nikaisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Nimeshukuru kusikia kwamba goti limepungua maumivu na kwamba shangazi amehamia hapo nyumbani kukupikia, ingawa najua anavyotia chumvi akiwa na hasira, na hasira haziishi. Usimwambie nimesema. Mimi afya yangu ni njema: nakula, nalala, naamka. Wapendwa wa huku nao wanakusalimu kwa mikono miwili, maana salamu nyingine hawana.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, lini nitarudi nyumbani, kwa kuwa kamati ya misheni, ambayo wewe ndiye mwenyekiti wake, iko tayari kumtuma mtu mwingine. La pili, mama alisema nini siku ile hospitalini uliponipigia simu ya video ili nimwone. Umesema hilo la pili linakunyima usingizi. Nitakujibu, Baba, lakini niache nianze na habari za kazi, kwa sababu bila hizo jibu langu halitaeleweka.

Mimi na viziwi wa huku tunaabudu katika chumba kilicho juu ya karakana ya pancha. Mashine ya upepo inanguruma pale chini kutwa nzima, na wenye masikio wote walikikimbia chumba hicho, kwa hiyo tulikipata bila kugombana na mtu. Mabenchi tumeyapanga nusu duara ili kila mmoja aione mikono ya mwenzake. Anayetaka kusema neno anazima taa na kuiwasha. Na tunaomba tukiwa macho wazi. Katibu wa kamati alipotutembelea aliwaagiza wafumbe macho kwa heshima, nikatafsiri, wakafumba. Akaomba, akasema amina, akaketi. Wao wakaendelea kufumba, kwani nani angewaambia sala imekwisha? Ilibidi nipite nikimgusa kila mtu bega. Sidhani kama hilo aliliweka kwenye ripoti yake.

Mwanzoni nilihubiri kwa alama za nyumbani, zile alizonifundisha mama nikiwa mapajani pake, nikidhani viziwi wote duniani wana lugha moja. Wewe pia ulidhani hivyo, na kamati nzima. Kumbe kila watu na yao. Ile alama ya mama ya neema, kiganja kupita polepole juu ya mgongo wa mkono mwingine, huku ni sabuni. Basi niliwatangazia watu wazima, tena kwa furaha kubwa, kwamba tumeokolewa kwa sabuni, na kwamba sabuni hiyo hakuna anayeistahili. Hawakunipinga, mgeni ni mgeni, ila walianza kuja ibadani wamejisugua mpaka viwiko. Aliyenifumbua macho ni mwanamke kiziwi anayeoka mikate mtaa wa pili, tunamwita Mama Mikate. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanifundisha alama yao, na tangu hapo amekuwa mwalimu wangu na mchokozi wangu. Ana maneno mengi, anapenda kutazamwa, na tangu siku ya kwanza alikitamani kile kijukwaa changu cha kuhubiria wala hakuficha.

Mama alipofariki, karatasi zangu za kusafiri zilichelewa, mkamzika bila mimi. Hilo nimelielewa, simlaumu mtu. Sikulia. Nilifua mapazia ya chumba cha ibada, nikayaanika, nikayarudisha. Jumapili nikapanda kuhubiri kama kawaida.

Sasa, Baba, kuna jambo ambalo nadhani sikuwahi kukueleza, kwa kuwa nyumbani hukuwahi kuuliza. Lugha hii haikai mikononi peke yake. Nusu yake iko usoni. Mikono inataja kitu, uso ndio unaosema kama kitu hicho kipo au hakipo, ni kikubwa au kidogo, unakiuliza au unakieleza. Nyusi zikipanda, umeuliza swali. Zisipopanda, umetoa taarifa. Na mimi uso wangu ulikuwa umekufa ganzi. Nilisema Yesu amefufuka, Mama Mikate akaniuliza kama hiyo ni habari au nasoma kibao cha duka. Nikauliza ni nani anayetaka kubatizwa, nyusi zikabaki palepale, ikawa nimewaambia kwamba wanataka. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mtu mtiifu sana, akaanza kuvua viatu.

Mama Mikate akazima taa, akaiwasha. Akawaambia wote, mbele yangu, kwamba dada huyu mikono yake inaongea lakini yeye mwenyewe hayupo, basi akae chini apumzike. Nikakaa. Tangu siku hiyo anahubiri yeye, unga bado uko kwenye viwiko. Anaongeza mambo, ninakiri. Petro wake ana kiherehere kumshinda yule tunayemjua. Lakini watu wanacheka, wanalia, na benchi la nyuma limejaa. Zamani ningeumia kunyang'anywa kazi hivyo. Sasa siumii wala sifurahi. Hata kuomba siombi, Baba. Nakaa tu natazama mikono ya wengine.

Juzi Mama Mikate alinikuta nimekaa kwenye gunia la unga pale anapokandia, akaniuliza siku ya mwisho mama yangu aliniambia nini. Ni swali lako lilelile. Basi nikamweleza yeye kwanza, unisamehe, na sasa nakueleza wewe.

Sijui mama alisema nini.

Ulimshikia simu karibu na uso wake. Najua ulitaka nimwone vizuri, na kila mwenye masikio hushika hivyo, kwani kwenu maneno hutoka mdomoni. Niliona paji la uso, macho, mpira wa hewa puani, kidevu na ncha za mabega. Mikono ilikuwa chini, nje ya kioo. Nilijua inaongea kwa sababu mabega yalikuwa yanatikisika. Nilipiga kelele kwamba urudishe simu nyuma, nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango wangu. Lakini ile ilikuwa simu ya mama, na simu ya mama sauti yake imezimwa tangu siku iliponunuliwa. Kisha ukaigeuza kwako, nikaona midomo yako ikiniuliza amesemaje, na mtandao ukakatika. Nilishukuru ulipokatika.

Nilikukasirikia. Nalisema wazi nisije nikaendelea kukuandikia barua za chumvi na magoti. Maisha yenu yote pamoja ulijua alama ya chakula, ya kanisa, ya njoo na ya pole. Mengine yote yalipita mikononi mwangu. Halafu wewe na kamati yako mkanituma mbali nikawahubirie viziwi wa watu, mama akabaki benchi la mbele akitazama midomo yako ukihubiri Jumapili baada ya Jumapili. Hasira hiyo ilikuwepo, kisha nayo ikafa ganzi pamoja na vingine.

Mama Mikate alipopata habari ya simu hakunipa pole. Aliniambia nimwonyeshe huo uso nilioona. Nikajaribu. Nyusi zangu zikapanda, kidevu kikasogea mbele kidogo, nikakaa hivyo nikimtazama. Akaacha unga, akafuta mikono, akanijibu hapohapo: unaniuliza nini?

Ndipo nilipojua. Wakati wote huu nilidhani mama alikuwa anaaga. Hakuwa anaaga, Baba. Alikuwa anauliza kitu, akanitazama, akasubiri jibu.

Chumbani mlikuwa wawili tu, na wewe ndiye uliyeiona mikono yake. Naomba uniandikie ilivyokuwa. Usihangaike na maana, maana niachie mimi. Niambie ni mkono upi uliotangulia, vidole vilikunjwa au vilinyooka, uligusa kifua, kidevu au haukugusa popote, ulikuja upande wake au ulikwenda upande wako. Kama umesahau, kaa pale kwenye kiti ulichokalia siku ile, ufanye alivyofanya yeye, taratibu, urudie hadi mikono yako ikubali. Kisha uandike, hata kama unaona ni upuuzi. La kurudi au kubaki tutalizungumza nikishajua niliulizwa nini.

Kamati waambie kazi inaendelea na mhubiri yupo, hawana haja ya kutuma mtu. Msalimie shangazi, mwambie chakula chake nakikumbuka. Goti lipake mafuta ya moto kabla ya kulala. Na usijichoshe kunitafutia maneno mazuri ya kunifariji. Niandikie mikono tu.

Ni mimi binti yako,
ninayesubiri.