Utepe Mweupe kwenye Filamu za Machozi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake
Umri: miaka 24
Kazi: karani wa uainishaji, hifadhi ya filamu
Makazi: awali chumba cha uani nyumbani kwa mjomba wake; tangu juzi, kwa rafiki

Naeleza niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimeambiwa kazini kwamba huenda nikashtakiwa kwa wizi wa filamu kumi na mbili. Naogopa, ila sijalazimishwa na mtu.

Mkuu wa hifadhi yetu ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu, tumbo moja. Baba alipofariki ndiye aliyenilea, na kazi hii ndiye aliyenifundisha. Kila kopo la filamu tunalizungushia utepe kulingana na aina: mwekundu ni uhalifu, wa njano ni vichekesho, wa bluu ni filamu za machozi. Mweupe ni wa filamu za mafunzo, zile za kunawa mikono na kutunza mifugo. Za utepe mweupe zikichakaa huruhusiwa kuondolewa ghalani. Za rangi nyingine hazitoki kamwe.

Mnamo tarehe 4 mwezi uliopita, asubuhi, mjomba aliniita ofisini. Makopo kumi na mawili ya bluu yalikuwa yamepangwa mezani. Akaniambia niyabadilishe yawe meupe.

Nikamuuliza, "Mjomba, hizi si za machozi? Mama anakufa, mtoto anabaki, ukumbi mzima unalia."

Akacheka. "Mjomba, hata kitunguu kinaliza. Nacho tukizungushie bluu?"

Kisha akanieleza kwa utulivu, kama anavyofanya siku zote. Alisema filamu haizaliwi na aina yake. Hupewa na wanaoionyesha na wanaoitazama. Hata filamu za wapanda farasi wa Marekani mwanzoni ziliitwa za kufukuzana tu, jina lake la sasa likaja baadaye. Hizi nazo, alisema, zilipochakaa kwenye kumbi za sinema zilipelekwa zahanati kuwafundisha kina mama kuhusu homa. Kwa hiyo zilishahama aina.

Afande, hoja hiyo si ya uongo. Nimeisoma chuoni, na ndiyo maana niliimeza nzima. Akaongeza kwamba tutaandika makala pamoja, jina langu litangulie. Sasa najua alikuwa ananivika kilemba cha ukoka. Siku ile nilifurahi hata chakula cha mchana sikukikumbuka. Utepe nilibandika mimi, na saini ya kuziondoa ni yangu. Hilo silikatai.

Mnamo tarehe 19 mwezi huu, saa nne asubuhi, fundi wa projekta tunayemwita Balbu alinituma. "Karani, mashine imekata roho. Kimbia kwa muuza vitu vya kale ukanitafutie taa, na usiniletee ya friji."

Nilipofika dukani nilisikia sauti nyuma ya pazia. Niliitambua kabla sijaelewa maneno. Mjomba alikuwa akimwambia mnunuzi, "Hii ni filamu ya machozi halisi, katika zile za mwanzo kabisa. Zote zilizofuata zimeiga hapa. Anayesema ni ya mafunzo hajui sinema."

Nikafungua pazia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi. Kopo lilikuwa miguuni pake, na utepe wangu mweupe umebanduliwa nusu.

Hakushtuka. Alimgeukia mnunuzi akasema, "Huyu ndiye karani wangu. Ndiye aliyeziondoa." Kisha akanywa chai.

Taa sikununua. Nilirudi kazini nikamweleza Balbu, naye ndiye aliyenileta hapa kituoni leo.

Jioni ya tarehe 19 mama alinipigia simu. Mjomba alikuwa amenitangulia kumweleza. Mama alisema, "Mwanangu, sema ulikosea peke yako. Wewe kijana, watakuhurumia. Kaka yangu akivunjiwa heshima ataishi vipi?"

Nikamuuliza, "Na mimi, mama?"

Nilimsikia akipumua mpaka salio likaisha.

Mjomba alinifundisha kwamba aina ya filamu ni ahadi: mtu akikata tiketi anajua ameahidiwa kulia au kucheka. Mimi nimekaa nyumbani kwake miaka yote hii, na sikuwahi kuwa na shaka nimeahidiwa nini.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesema yaliyotokea.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo haya na kuyathibitisha. Kabla ya kutia saini aliomba neno "mjomba" liondolewe kote, liandikwe "mkuu wa hifadhi". Nilimweleza kwamba undugu wao ni sehemu ya ushahidi, siwezi kuubadilisha. Akatia saini. Neno limebaki.